Namna ya kujiandaa kwa mtihani wa mkaguzi wa mitambo ya majengo ya biashara ukiwa Mwanza

Fundi wa viyoyozi aliyekaa miaka kumi akipanda na kushuka mapaa ya hoteli za Capri Point, au aliyelea kompresa za kiwanda cha minofu ya sangara mchana na usiku, huja kwenye mtihani huu na hazina ambayo kijana aliyetoka chuoni jana hana. Anaitambua sauti ya beringi inayokaribia kufa, na anajua kulitofautisha bomba linalotoa jasho kwa unyevu wa ziwa na bomba linalovuja. Hata hivyo, hazina hiyohiyo ndiyo inayomwangusha. Mtihani haumuulizi yeye hufanyaje kazi yake. Humuuliza kitabu kimeagiza nini, kwa neno gani, kwa kipimo kipi, na ni katika hali zipi agizo hilo halitumiki. Katika kikundi chetu cha kujisomea, kilichokuwa kikikutana Nyakato jioni baada ya kazi, walioshindwa mara ya kwanza walikuwa wenye uzoefu mrefu zaidi, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu tulijibu kutoka kichwani maswali yaliyotutaka tufungue ukurasa. Ninayoyaandika hapa nayaelekeza kwanza kwa fundi wa aina hiyo.

Mtihani ninaouzungumzia ni ule wa Baraza la Kimataifa la Kanuni za Ujenzi la Marekani, linalofahamika kwa kifupi ICC, ambalo liliundwa mwaka 1994. Alama ya mtihani huo ni M2, nao unasimama juu ya vitabu viwili: kanuni ya mitambo, IMC, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na kanuni ya gesi ya kuwashia, IFGC, iliyofuata mwaka 1997. Maswali ni ya kuchagua jibu, yameandikwa kwa Kiingereza, na mtahiniwa anaruhusiwa kuwa na vitabu hivyo mbele yake. Anayefaulu ni yule anayefikisha alama 75 kwenye kipimo kilichosawazishwa, jambo lisilo sawa na kupata asilimia 75 ya maswali, kwa hiyo usipoteze nguvu kupiga hesabu ya maswali mangapi unaweza kuyaacha.

Mtu anaweza kuuliza mkazi wa Ilemela ana shughuli gani na kanuni za Marekani. Jibu liko kwenye ajira. Abu Dhabi ilianza kutumia kanuni za ICC kama msingi wa kanuni zake za ujenzi mwaka 2013, na kanuni za ujenzi za Saudi Arabia nazo zimejengwa juu ya msingi huohuo. Fundi anayetafuta kazi ya usimamizi au ukaguzi katika nchi hizo hukutana na vitabu hivi apende asipende. Ni lazima pia niseme wazi kwamba cheti hiki hakikupi mamlaka ya kukagua mahali pa kazi hapa Tanzania. Ukaguzi huo uko chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na anayetaka kuitwa mhandisi anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kwamba cheti cha M2 kitakufungulia milango hiyo.

Toleo kwanza, kitabu baadaye

Kanuni hizi hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu; yapo matoleo ya mwaka 2018, 2021 na 2024. Unapojiandikisha, mtihani wako hufungwa kwenye toleo moja, na kusoma toleo jingine ni kosa la gharama kubwa, kwa kuwa namba za vifungu huhama na baadhi ya vipimo hubadilika. Kwa hiyo usianze kwa kununua kitabu. Anza kwa kusoma taarifa rasmi ya mtihani wenyewe, ambayo inataja toleo, idadi ya maswali, muda, mgawanyo wa mada, na vitu unavyoruhusiwa kuwa navyo mezani. Soma taarifa hiyo kama unavyosoma mkataba. Ukiwa huna fedha za kitabu kwa sasa, kanuni hizi zinasomeka bure kwenye maktaba ya kidijitali ya ICC yenyewe, nawe unaweza kusoma miezi miwili ya mwanzo kwa simu. Ukaribiapo mtihani, hata hivyo, jitahidi upate nakala ya kuchapwa iwapo taarifa yako inaiagiza, kwani mkono unaofungua karatasi unahitaji mazoezi yake ya pekee.

Kitabu kikifika, kipige alama. Vibandiko vya kudumu pembeni mwa kurasa kwa kila sura na kwa kila jedwali kubwa vitakuokolea muda mwingi kuliko kukariri. Vibandiko vya kubandua na karatasi zilizochomekwa ziache, kwa sababu si vitu vya kuingia navyo. Jambo linalopaswa kukaa kichwani ni ramani ya sura. Katika IMC, sura ya 3 ina masharti ya jumla, ya 4 ni uingizaji hewa, ya 5 ni utoaji wa hewa chafu na moshi, ya 6 ni dakti (njia za bati za kupitishia hewa), ya 8 ni mabomba ya moshi, ya 10 ni boila na vyombo vya shinikizo, ya 11 ni majokofu. Jiulize maswali hayo ukiwa ndani ya daladala kutoka Buzuruga hadi mjini: boila ni sura ya ngapi, choma (jiko la kuchomea) ni sura ya ngapi, mpaka jibu lije kabla hujamaliza kuuliza.

Lugha ya kanuni

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, na haina uhusiano na kujua au kutojua Kiingereza cha mazungumzo. Lugha ya kanuni ni lugha ya sheria. Neno "shall" ni amri isiyo na mjadala, na jibu linalotumia maneno ya ushauri mahali ambapo kanuni imeamuru haliwezi kuwa sahihi. Sura ya 2, yenye maana za maneno, huonekana kavu na watu huiruka. Mimi naiona kuwa sura yenye malipo makubwa kuliko zote kwa saa utakayoitumia. Mfano mmoja unatosha. Sisi huita vitu vyote mitambo au vifaa, bila kubagua. Kanuni inabagua: "appliance" ni kile kinachotumia nishati, kama tanuri au jiko, ilhali "equipment" ni mabomba, dakti, vidhibiti na sehemu nyingine za mfumo zisizokuwa hicho cha kwanza. Swali linaloanza na neno moja kati ya hayo mawili linakupeleka kwenye kifungu tofauti na swali linaloanza na jingine. Vivyo hivyo kwa kifaa kilichoorodheshwa na taasisi ya upimaji, kifaa chenye nembo ya taasisi hiyo, na kifaa kilichokubaliwa na afisa wa kanuni. Hayo ni mambo matatu, wala hakuna moja linaloweza kusimama badala ya jingine.

Halafu kuna mapengo yanayoachwa chini ya vifungu, yale yanayotangulizwa na neno la isipokuwa. Watunga maswali huyapenda kwa sababu yanamfichua aliyesoma nusu. Jizoeze kutojibu swali lolote mpaka jicho lako limefika mwisho wa kifungu, hata kama mstari wa kwanza umekupa namba inayofanana na mojawapo ya majibu.

Kusoma kwa kutumia majengo unayoyajua

Kanuni haikai kichwani ikisomwa kwa mfululizo kama gazeti. Inakaa inapofungwa kwenye kitu ulichokiona kwa macho, na Mwanza ina vitu vya kutosha.

Anza na jiko la hoteli, kwa sababu sura ya 5 ina mambo mengi yenye namba. Fikiria hudi, yaani kofia ya kunasa moshi juu ya jiko, ya ukutani yenye urefu wa futi 8, isiyoorodheshwa na taasisi ya upimaji. Chini yake kuna kikaangio cha mafuta cha kukaangia sato, na pembeni yake choma ya gesi yenye moto chini ya wavu. Kwa kuwa vyote vinatoa mafuta na moshi, hudi hiyo inapaswa kuwa ya aina ya kwanza. Aina ya pili ni ya mvuke na joto tu. Kikaangio kimo katika daraja la kati, ambalo kwa hudi ya ukutani linadai hewa ya futi za ujazo 300 kwa dakika kwa kila futi ya urefu wa hudi. Choma ya gesi imo katika daraja zito, linalodai 400. Fundi mzoefu hushawishika kuigawa hudi vipande viwili na kujumlisha, au kuchukua wastani. Kanuni haikubali: kifaa cha daraja zito kuliko vyote ndicho kinachoamua kiwango cha hudi nzima, kwa hiyo jibu ni 400 mara 8, yaani futi za ujazo 3,200 kwa dakika.

Sasa badilisha swali: mwenye hoteli ameamua kuchoma samaki wake kwa mkaa, kama wafanyavyo wengi kandokando ya ziwa. Mkaa unakiingiza kifaa hicho katika daraja la juu kabisa, linalodai 550 kwa futi kwa hudi kama hiyo, na mtahiniwa mwenye haraka atazidisha 550 kwa 8, apate 4,400, kisha aendelee. Amepotea, kwa kuwa kanuni inataka hudi ya kifaa cha daraja hilo isifunike vifaa vingine vinavyohitaji mfumo wa kuzimia moto, kikaangio kikiwa kimojawapo, na mfumo wake wa kutoa moshi ujitegemee. Jambo la kwanza la mkaguzi hapo ni kuutenganisha mpangilio; hesabu inafuata baadaye. Sababu yake mtu wa Mwanza anaielewa bila kufundishwa: cheche za mkaa zikipanda kwenye dakti iliyojaa mafuta ya kikaangio, dakti yenyewe inakuwa kuni.

Ukiwa bado jikoni, ifuate dakti mpaka juu ya paa. Dakti ya mafuta iwe ya chuma kisichopungua unene wa inchi 0.0575, ambacho ni geji 16, au chuma kisichoshika kutu cha inchi 0.0450, ambacho ni geji 18. Fundi bati anajua kwamba namba ya geji ikishuka bati huwa nene, na anajua jinsi bati la geji 30 tunaloezekea nyumba lilivyo jepesi mkononi. Tofauti hiyo aikumbuke kila anapoona dakti ya jiko iliyoviringishwa kwa bati la paa. Sehemu za dakti zilizolala ziwe na mteremko wa angalau robo inchi kwa kila inchi 12, na zikizidi urefu wa futi 75, mteremko uwe inchi 1 kwa kila inchi 12, ili mafuta yarudi mahali pa kukusanywa badala ya kutuama ndani.

Mada ya pili ninayoipa uzito ni hewa ya kuwakia, yaani hewa ambayo moto unaihitaji ili uwake vizuri, ambayo kwa vifaa vya gesi imo ndani ya IFGC. Tuchukue chumba cha kufulia chenye vichemsha maji vya gesi vyenye jumla ya BTU 200,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha kiasi cha joto). Kwa njia ya kawaida, kanuni inataka nafasi ya futi za ujazo 50 kwa kila BTU 1,000 kwa saa, hivyo tunahitaji futi za ujazo 10,000. Chumba chetu kina urefu wa futi 20, upana futi 20 na kimo futi 10, yaani futi za ujazo 4,000. Hakitoshi. Tukiamua kuleta hewa ya nje kwa matundu mawili yanayofunguka moja kwa moja, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu, kila tundu liwe na inchi 1 ya mraba kwa kila BTU 4,000 kwa saa, yaani inchi 50 za mraba. Wengi huishia hapo. Lakini tundu likiwa na pazia la vibao vya chuma ambavyo nafasi yake ya wazi haijulikani, kanuni inakadiria kwamba asilimia 75 tu ya eneo ndiyo inayopitisha hewa, kwa hiyo tundu lenyewe linapaswa kuwa la inchi 67 za mraba hivi. Vibao vikiwa vya mbao, makadirio hushuka hadi asilimia 25, na tundu hupanda hadi inchi 200 za mraba. Rudia hesabu hii kwa namba tofauti mpaka usiihitaji karatasi ya mfano.

Hapa nitoe angalizo la kwetu. Misimu ambayo wadudu wa ziwani huja kwa mawingu, watu huziba matundu hayo kwa wavu mwembamba wa mbu, na nia yao ni njema. Kanuni inataka wavu wa tundu la hewa ya kuwakia uwe na macho yasiyopungua robo inchi, kwa kuwa wavu mwembamba ukishika vumbi na mabawa ya wadudu, gesi inawaka bila hewa ya kutosha na kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu ya kumwonya aliye ndani.

Anayefanya kazi kwenye kiwanda cha barafu au cha minofu chenye mfumo wa amonia amebahatika, maana sura ya 11 inamhusu moja kwa moja. Ajifunze kusoma alama za makundi ya gesi za majokofu: herufi A ni sumu ndogo, B ni sumu kubwa zaidi, namba 1 haishiki moto, 2L inashika moto kwa kusuasua, 2 inashika, 3 inashika kwa ukali. Amonia ni B2L, R-32 iliyojaa kwenye viyoyozi vipya vya madukani ni A2L, R-22 ya zamani ni A1, na R-290, ambayo ni propani, ni A3. Jedwali la gesi hizo huamua kiasi kinachoruhusiwa kabla chumba maalumu cha mitambo hakijawa lazima, na maswali mengi ya sura hiyo huanzia kwenye jedwali hilo. Kuhusu maji yanayodondoka kwenye viyoyozi, kumbuka bomba lisilopungua robo tatu ya inchi na mteremko wa asilimia 1, kisha uendelee na mengine.

Vipimo

Sisi mafundi tuna nusu ya safari tayari, kwa kuwa bomba tunaliita la inchi moja, mbao tunaipima kwa futi, na kiyoyozi tunakinunua kwa BTU. Kilichobaki ni kuvizoea vipimo vya mtiririko na shinikizo. Tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, yaani takribani kilowati 3.5. Futi ya ujazo moja kwa dakika ni karibu lita 0.47 kwa sekunde. Ukiona futi za ujazo 2,000 kwa dakika kwenye mfumo wa hewa ya kurudi, akili iende mara moja kwenye vitambua moshi, kwa sababu ndicho kikomo ambacho mfumo ukikizidi vinatakiwa kuwekwa. Ushauri wangu ni kufanya hesabu yote kwa vipimo vilivyotumika kwenye swali, bila kuhamia mita kisha kurudi. Kila unapohama unafungua mlango wa kosa.

Wala usiongeze masahihisho ambayo swali halikuyaomba. Ziwa letu liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na fundi makini anajua kwamba hewa ya hapa ni nyepesi na vifaa vya gesi vinaathirika. Hilo ni jambo la kweli kazini. Kwenye mtihani, kama swali halikutaja mwinuko, mwinuko haupo.

Wiki za mwisho na siku yenyewe

Miezi mitatu ya saa moja na nusu kila jioni inamtosha fundi mwenye uzoefu. Asiyekuwa nao ajipe mitano. Wiki nne za mwisho acha kusoma kwa mfululizo, anza kutafuta. Mwenzako akuandikie maswali 20 kutoka popote kitabuni, nawe kwa kila moja andika namba ya kifungu kabla ya kuandika jibu. Jibu sahihi lisilo na kifungu lihesabu kuwa kosa. Kipimo hicho ni kikali, lakini ndicho kilichonibadilisha kutoka fundi anayejua mambo kuwa mtu anayeweza kumwonyesha mwenye jengo mstari uliovunjwa.

Gawanya muda wa mtihani kwa idadi ya maswali iliyotajwa kwenye taarifa yako, ujue kila swali lina sekunde ngapi. Mzunguko wa kwanza jibu yale ambayo unajua ukurasa wake. Yenye hesabu ndefu yawekee alama na uyarudie. Usiache swali lolote tupu.

Ukiufanya mtihani kwa njia ya mtandao chini ya msimamizi anayekuangalia kwa kamera, uwe peke yako chumbani, meza iwe safi, na watu wa nyumbani wajue kwamba mlango haufunguliwi hata kwa salamu. Umeme na mtandao uvipange mapema: kompyuta yenye betri iliyojaa, na laini ya kampuni ya pili kwenye simu ya kando ikiwa masharti yanaruhusu. Jambo dogo lililowahi kumkosesha mwenzetu nafasi ni saa. Miadi huandikwa kwa saa za kizungu na pengine kwa majira ya Marekani. Kwa mfano, Mwanza iko mbele ya Chicago kwa saa 9 kuanzia Novemba hadi mapema Machi, na kwa saa 8 miezi mingine. Andika miadi kwa njia mbili kwenye karatasi moja, kwa saa za kompyuta na kwa saa zetu za Kiswahili, kisha mwombe mtu mwingine aihakiki.

Usipofaulu, tulia na uangalie ni mada zipi zilizokuangusha, urudi kwenye sura hizo peke yake kwa wiki sita kabla ya kulipia tena. Ukifaulu, fungua daftari siku hiyohiyo na uandike tarehe, kwa sababu cheti hudumu kwa miaka 3, na saa za mafunzo endelevu zinazohitajika kukihuisha hukusanywa kidogokidogo, haziwezi kutafutwa katika mwezi wa mwisho.